Salamu ya Simón

Alhamisi jioni, kama sina makala ya mtu ya kumaliza, mimi huenda kucheza salsa. Ni ukumbi wa ghorofa ya tatu huku Westlands, kiingilio mia tatu, maji unakuja nayo kwenye chupa yako. Mwalimu wetu ni msee aliyejifunza kwa video kabla ya kujifunza kwa watu, na ana tabia moja: akiipenda ngoma ataipiga mwezi mzima. Mwaka jana aliipenda El Gran Varón ya Willie Colón.

Hakuna hata mmoja wetu anayejua Kihispania. Tunajua kuhesabu hadi nane, basi. Kwa hivyo tulichoshika ni jina, Simón, ambalo kila Mkenya ana binamu analo, na kibwagizo tulichokiimba kwa maneno tuliyojibunia wenyewe. Trombone zinaingia, mwili unajua la kufanya. Kuna dada mmoja anayefanya kazi benki, kibwagizo kikirudi tu anainua mikono juu kama yuko kwa ibada ya Jumapili. Na mimi nilikuwa nainua yangu.

Usiku mmoja nikiwa kwenye matatu ya Rongai nikatafuta maana. Nikasoma tafsiri moja, nikadhani imekosewa, nikasoma ya pili. Nikapitishwa stegi yangu. Ngoma tuliyokuwa tunaiinulia mikono ni ya mtoto aliyekataliwa na babake, akafia hospitalini bila mtu wa kumlilia.

Wimbo wenyewe ulitungwa na Omar Alfanno, mtunzi kutoka Panama, na ulitoka mwaka 1989 kwenye albamu ya Colón iitwayo Top Secrets, ama Altos Secretos. Colón alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1950, katika familia yenye asili ya Puerto Rico, na akiwa na miaka kumi na saba tayari alikuwa na albamu sokoni. Kufikia 1989 hakuwa kijana anayejaribu bahati. Alikuwa mmoja wa watu walioijenga salsa ya Fania kwa mikono na mapafu yao. Na ilikuwa salsa ya kidume hasa. Majalada yake ya mwanzoni yalimuuza kama jambazi. Kuna moja la mwaka 1970 limechorwa kama tangazo la mtu anayesakwa na FBI. Nataja haya kwa sababu wimbo huu haukuimbwa na mtu wa pembeni, mshairi fulani wa mkahawani ambaye angesamehewa chochote. Uliimbwa na jambazi wa jalada, kwa wanaume waliompenda kwa ujambazi huo.

Stori, kwa maneno yangu, ni hii. Simón anazaliwa hospitalini kiangazi cha 1956. Babake, Don Andrés, amejaa fahari kwa sababu ni mtoto wa kiume. Analelewa kwa mkono mzito na hakuna siku anaulizwa anaonaje. Anaambiwa mapema kwamba atasomea kilekile alichosomea mzee na kwamba atakuja kuwa mwanamume kamili, dume hasa. Hapo ndipo wimbo unapopata jina. Akikua anaenda ng'ambo. Huko yale mahubiri ya nyumbani yanamtoka, anabadilisha mwendo, anavaa sketi, anapaka rangi ya midomo, anabeba mkoba. Siku moja baba anafunga safari kwenda kumwona bila kumwarifu. Mwanamke anapita karibu naye, anamsalimia, anamuuliza kama hamtambui, anajitaja: ni Simón. Baba anamkata kabisa. Miaka inapita, mzee anaanza kulainika kidogo, lakini sasa Simón naye haandiki. Halafu habari inafika. Kiangazi cha 1986, hospitali nyingine, ugonjwa wa ajabu, mgonjwa wa kitanda namba kumi.

Angalia tena aya hiyo. Nimeisimulia kwa Kiswahili na karibu mahali pote sikulazimika kuchagua kama Simón ni wa kike ama wa kiume. Anavaa, anapaka, anabeba, anamsalimia. Ile "a" yetu ndogo haijali mtu ana nini ndani ya nguo. Mara tatu tu nimetaja jinsia, na zote tatu ni za wimbo: mtoto wa kiume na mwanamume kamili pale mwanzo, mwanamke pale katikati. Kihispania hakikupi mwanya huo. Neno la mwana lina jinsia, neno la mgonjwa lina jinsia, na wimbo umechagua upande wa baba tangu kuzaliwa hadi kitanda namba kumi. Isipokuwa pale njiani. Pale, kwa macho ya mzee ambaye bado hajajua, anayeongea ni mwanamke, na wimbo unamwita hivyo. Ni sekunde chache. Kisha jina linatajwa na sarufi inarudi kwa Don Andrés.

Nikisikiliza sasa, mimi hungoja hizo sekunde.

Nimekulia Likoni, na kwetu mdogo ndiye huanza. Unasema shikamoo halafu unangoja. Kati ya shikamoo na marahaba kuna nafasi ndogo sana ambayo mtoto yuko mikononi mwa mkubwa wake. Mkubwa anaweza kuwa amekasirika, anaweza kuwa na deni, anaweza kuwa hajala, lakini marahaba ataisema, hata kwa kukunja uso. Kutoijibu ni jambo kubwa. Huwezi kusema ulisahau.

Ndiyo maana nikiisoma stori hii naona kwamba Simón amefanya kila kitu kwa adabu. Angeweza kupita. Baba hakumtambua, mtaa ni wa ugenini, mzee angerudi nyumbani akasema hakumpata mtoto, mambo yangeisha. Badala yake anasimama, anaanza yeye kusalimia, anamwita baba, anajitaja kwa jina. Na anajitaja pia kwa cheo kilekile alichopewa utotoni, kile cha dume hasa, akiwa amevaa sketi. Kuna watu huisikia kama kejeli. Mimi naisikia kama utani wa mtu aliyeufanyia mazoezi mbele ya kioo miaka mingi, akitumaini kwamba siku ikifika baba atacheka. Baba wengine hucheka. Wimbo hautuambii Don Andrés alijibu nini hapo hapo. Unaruka moja kwa moja hadi kwenye ukimya.

Na hayo ndiyo maneno pekee ambayo Simón anasema katika wimbo mzima. Sentensi chache. Mengine yote ni baba kuagiza, watu kusema, mwimbaji kusimulia. Hapa ndipo ugomvi wangu na El Gran Varón unapoanza, na ni ugomvi wa mtu anayeipenda, kwa hivyo nivumilie. Huko ng'ambo Simón aliishi na nani? Alifanya kazi gani? Hao marafiki waliomwonyesha jinsi ya kutembea na viatu virefu walikuwa wapi mwaka 1986? Wimbo unasema hakuna aliyelia. Mimi siamini. Baba hakulia kwa sababu hakuwepo. Lakini tunajua miji hiyo, New York na San Francisco, miaka hiyo: waliokuwa wakifa walizungukwa na watu kama wao, waliowapikia, waliowaosha, waliowazika wakati ndugu wa damu wameogopa hata kugusa kikombe. Wimbo unapohesabu vilio, unahesabu vya nyumbani peke yake. Kwa sababu ni wimbo wa Don Andrés. Simón ni jina tu ambalo huzuni ya mzee imelivaa.

Linganisha na wimbo mwingine wa Kihispania uliotoka mwaka mmoja kabla. Mecano, kundi la pop kutoka Uhispania, walitoa Mujer contra mujer kwenye albamu ya 1988. José María Cano aliuandika, Ana Torroja akauimba. Ni wanawake wawili wanaopendana, na mwimbaji amesimama nje akiwaangalia, na uamuzi wake ni kwamba hatakuwa yeye wa kuwarushia mawe. Si kamili nao, nao pia unaangalia kutoka nje. Lakini wimbo ukiisha wale wawili wako hai, bado wana mikono yao. Hakuna aliyelazwa. Hakuna aliyelipa.

Hapa kwetu tuna kipimo kingine. Mwaka 2016 kundi la Art Attack lilitoa video ya Same Love, toleo la Kenya, na watu waliokuwa mle walikuwa hai na walikuwa wanapendana mbele ya kamera. Bodi ya filamu ikaipiga marufuku. Sisemi hivi kupiga siasa. Nasema ni kanuni ambayo muziki wa mapenzi ya namna hii umeijua muda mrefu: ukiwaonyesha wakiwa hai, kuna mtu atakuja kufunga mlango. Ukimwonyesha mmoja amekufa, hata mchungaji anaweza kuchezesha kichwa. Colón alipita mlango huo akiwa amebeba maiti. Huenda ndiyo njia pekee iliyokuwepo kwa salsa ya 1989, na kwa kuipita aliwafanya wanaume wa vilabu vya dansi wamwonee huruma mtu ambaye mchana wangemzomea. Hilo si dogo. Lakini bei yake alilipa Simón.

Sasa kile kibwagizo. Nilipojua maana yake nilijisikia vibaya kwa ile mikono niliyoiinua.

Ni methali. Waspanishi wana msemo wa mti uliozaliwa umepinda, kwamba shina lake halitanyooka. Wimbo unauweka baada ya kauli kwamba maumbile hayasahihishwi, halafu unaurudia na kuurudia. Ukiusikia haraka unafikiri ni tusi: mtoto amepinda. Ukikaa nao unaona kuna kitu cha ajabu, kwa sababu ni tusi linalomtetea. Kama mti umezaliwa hivyo, basi mkono mzito wa Don Andrés ulikuwa ukipiga mti bure, na kosa si la mti.

Sisi methali zetu zinakwenda upande mwingine kabisa. Samaki mkunje angali mbichi. Udongo uwahi ungali maji. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa Waswahili hakuna kinachozaliwa kimepinda. Kila kitu kilikuwa kibichi, na kama kimeharibika basi kuna mtu alichelewa kukikunja. Mara nyingi tunamjua na mtu mwenyewe, kwa sababu asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Simón angezaliwa Likoni lawama ingeenda jikoni kabla jua halijatua. (Katika wimbo mama hayupo. Hatajwi. Nimemtafuta.) Kwa hivyo sijui ni methali gani ningechagua kuitwa nayo. Ile ya kwao inasema umepinda lakini inakuacha. Ile ya kwetu inasema ulikuwa mzima, halafu inatafuta wa kumchapa.

Lakini salsa si kitabu cha methali, na hapa ndipo Colón anapokuwa mkubwa. Katika salsa, stori ikishasimuliwa, wimbo unaingia sehemu ya pili ambapo kibwagizo kinakuwa ukuta. Waitikiaji wanakirudia bila kubadilisha neno, na mwimbaji mkuu anajibizana nacho, kila mara kwa maneno mapya. Waitikiaji ni mtaa. Mtaa hauna jipya la kusema. Mtaa unasema mti, mti, mti. Mwimbaji anaupinga: anataka huruma, anaomba mahubiri yakome, anaikumbusha hadhira lile jiwe la kwanza la Injili ya Yohana, anamwonya asiyesamehe kwamba atabaki akiishi na kumbukumbu zake kama jehanamu. Kila akimaliza, mtaa unajibu: mti. Hawafikii makubaliano. Wimbo unazidi kuchangamka na ubishi haujaisha.

Nikajua kumbe ukumbini Westlands tulikuwa tumechagua upande bila kujua. Kibwagizo ndicho rahisi kuimba. Sehemu za mwimbaji mkuu zinakwenda mbio na hazirudii. Kwa hivyo mwezi mzima tulikuwa mtaa.

(Kuna pia ushauri anaopewa Don Andrés kuhusu ndimu, wa aina ile inayoandikwa kwenye vikombe vya zawadi. Ni sehemu dhaifu kuliko zote na ningefurahi mtu akiukata.)

Halafu ule ugonjwa. Colón haumtaji kwa jina. Ni wa ajabu, basi, na tarehe inatosha. Kiangazi cha 1986 dawa ya AZT ilikuwa haijaidhinishwa Marekani. Iliidhinishwa Machi 1987. Kuingia wodini na ukimwi mwaka huo kulikuwa ni kuingia kusubiri. Msikilizaji wa 1989 alijua bila kuambiwa. Na kuna mtu ambaye hakutajwa popote ndani ya wimbo huo: Héctor Lavoe, sauti iliyoimba kwenye zile albamu za kwanza za Colón, mtu waliyeanza naye wakiwa vijana. Lavoe alikuwa akiishi na virusi, na alikufa Juni 1993. Hakuwa Simón. Alikuwa kidume wa salsa aliyependwa na maelfu, na ugonjwa haukuuliza.

Kuna njia nyingine ya kuimba jambo hili, na upande wetu wa bara tunaijua zaidi. Mwaka 1987 Franco wa OK Jazz alitoa Attention na SIDA, na mle Franco haongei kwa mafumbo hata kidogo. Anataja ugonjwa, anawageukia vijana, walimu, madaktari, serikali, kila mtu anapata agizo lake kwa sauti nzito ya mjomba aliyeitwa kusuluhisha. Huku kwetu miaka ya tisini Dunia Mbaya ya Princess Jully ilikuwa kila redio. Nyimbo hizo zilitaka uokoke. Huruma ingefuata baadaye. Na tuseme ukweli, zilihitajika. Kenya ilipata mgonjwa wa kwanza kutambuliwa mwaka 1984, na ni mwezi Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipotangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Miaka kumi na mitano ya kusema "ameugua kwa muda mfupi."

Mjomba wangu alikufa ndani ya miaka hiyo, 1997, kabla mimi sijazaliwa. Yuko kwenye picha sebuleni, suruali pana, kofia imeinamishwa kidogo, anacheka na mtu ambaye hayupo kwenye picha. Nikiwa mdogo niliambiwa ni kifua. Nikiwa shule ya msingi ikawa nimonia. Nilipofika kidato cha tatu nikamuuliza mama moja kwa moja, tukiwa tunachambua mchele, na akasema, "Si unajua wewe? Basi," na akaendelea kuchambua. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeuliza. Kwamba babu hakwenda hospitali. Wiki sita kijana amelazwa, babu alikuwa anauliza hali kila jioni, anatoa pesa ya dawa, anatoa pesa ya matatu ya mama kwenda na kurudi, lakini mwenyewe hakuvuka feri. Baada ya mazishi hakulitaja jina la mjomba mpaka naye akafa. Mama anasema hakuwa na chuki. Anasema babu alikuwa anaogopa kuingia wodini na kukosa la kusema.

Nilipousoma ule mstari wa kitanda namba kumi kwenye matatu, nilichowaza ni kwamba mjomba naye alikuwa na namba ya kitanda. Kuna mtu aliiandika kwenye faili. Mama alikuwa akiipita kila siku.

Nyimbo za maagizo haziwezi kunifikisha hapo. Franco ananiambia nijilinde, na nimemsikia, asante. Colón ananiambia kitanda kina namba na kuna baba mahali fulani ambaye haijui. Ndiyo sababu pamoja na lawama zangu zote, pamoja na kumnyima Simón marafiki na kumpa mti badala ya jina, bado naona huu ni wimbo mkubwa. Unajua hasa jinsi mwanamume anavyompoteza mtoto: kwa kutofanya kitu. Don Andrés hampigi mtu barabarani. Hafungi mlango kwa kishindo. Anaacha tu kuongea, na siku zinajiunga zenyewe.

Na unajua jambo lingine ambalo ningependa lisingekuwa kweli. Baba anapolainika, mtoto amekwisha kuwa mgumu. Sisi husema barua ni nusu ya kuonana, na Simón hakuandika hata nusu hiyo. Ukiusikiliza kwa haraka unaweza kumlaumu. Lakini alishasalimia. Zamu haikuwa yake.

Hapa nijitaje na mimi, kwa sababu nimekuwa nikizunguka. Niliacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na moja na alitaka mimi niwe kile ambacho karo ilimkatalia yeye. Nilipomwambia nimeacha, hakupiga kelele. Alisema, "Sawa." Hiyo ni miaka minne iliyopita. Tangu hapo nikipiga simu mama ndiye hushika, na nyuma yake nasikia redio ikipunguzwa sauti ili mtu asikie vizuri. Naandika kitu kikichapishwa, mama ananiambia "tumesoma." Sijawahi kumuuliza tumesoma ni nani na nani.

Sijifananishi na Simón. Mimi nikishuka kwenye basi Mombasa hakuna atakayenigeukia barabarani, hakuna sheria iliyonitaja, na nikiugua nina mahali pa kulala. Nilichonacho kinachofanana ni kadiri ya unywele: babangu na mimi pia tuko kwenye ile sehemu ya wimbo ambayo haina matukio. Ile inayosema miaka ikapita. Kwenye rekodi inachukua muda mfupi sana. Ukiwa ndani yake ni mirefu na haina trombone.

Desemba nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa barazani na gazeti. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, bila kuinua macho, halafu akaniuliza kama basi lilichelewa. Nikasema lilichelewa. Akasema siku hizi yanachelewa. Ndiyo yote, na nimeihesabu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali.

Alhamisi iliyofuata baada ya kurudi nilimweleza mwalimu wetu wimbo unasema nini. Alisimamisha kuunganisha waya za spika. Akauliza, sasa aache kuupiga? Nikamwambia hapana, kwani watu wa Puerto Rico wenyewe hawaujui maana na wanaucheza? Akafikiri, akasema basi nikawaelezee wengine kabla hajaupiga, dakika mbili, watu wamelipa.

Nikasimama mbele nikiwa na soksi, nikaeleza. Hospitali, 1956, baba, mkono mzito, ng'ambo, sketi. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo kwa pua kisha akanyamaza. Nikafika pale njiani, mwanamke anasimama, anamsalimia mzee, anasema mimi ni Simón. Nikameza mate. Yule dada wa benki, mikono ameikunja kifuani, akauliza, "Na babake akamjibu aje?"

Nikamwambia wimbo hausemi.

"Hausemi?"

Mwalimu akaangalia saa, akabonyeza.